Aliyefukuzwa London Akavikwa Dhahabu Tokyo

Ng'ombe watano si zawadi ndogo. Mwenye ng'ombe watano ana maziwa, ana samadi ya shamba, na siku ya shida ana pa kushika. Basi mwezi wa Agosti 2021 viongozi wa sehemu moja ya mashambani katika kisiwa cha Sulawesi, nchi ya Indonesia, walitangaza kwamba watampa binti yao mmoja ng'ombe watano na nyumba. Binti huyo, Apriyani Rahayu, mwenye umri wa miaka 23, hakuwa ameua simba wala kuokoa mtu mtoni. Alikuwa amepiga kinyoya kwa raketi huko Tokyo, mji mkuu wa Japani, akawashinda wote waliotoka pande zote za dunia.

Lakini hakushinda peke yake. Kando yake alisimama mwanamke aliyemzidi karibu miaka 11, jina lake Greysia Polii. Habari za huyu mkubwa ndizo nitakazo kuwasimulieni leo. Miaka 9 kabla ya siku ile ya furaha, yeye alifukuzwa katika Michezo ile ile ya Olimpiki mbele ya macho ya ulimwengu, kwa kosa ambalo mchezaji huona haya hata kulitaja. Jinsi alivyotoka katika shimo lile yafaa kusikiwa katika kila nyumba yenye vijana, na hata katika nyumba yenye wazee waliokwisha kata tamaa.

MCHEZO WENYEWE

Pengine wengi wenu hamjauona mchezo huu. Waitwa badmintoni, nasi kwa Kiswahili twauita mpira wa vinyoya. Ukitaka kujua ukubwa wa kiwanja chake, chukua kijiti uchore chini: urefu wake ni meta 13 na sentimeta 40, na upana, wakicheza wawili wawili, ni meta 6 na sentimeta 10. Katikati hufungwa wavu unaofika shingoni au kidevuni mwa mtu wa kimo cha kadiri. Badala ya mpira hutumia kinyoya, yaani kitu kidogo chenye kichwa cha gamba la mti laini na manyoya 16 ya bata bukini yaliyopangwa kama kikapu. Uzito wake ni kama gramu 5 tu. Usidhani kwa wepesi wake kwamba huenda polepole. Kikipigwa na mwanamume hodari kimepata kupimwa mwendo wa zaidi ya kilometa 400 kwa saa.

Kazi ya mchezaji ni kukipeleka kinyoya kiguse ardhi upande wa wenzake. Katika mashindano nitakayoyasimulia, aliyetangulia kufikisha pointi 21 akiwazidi wenzake kwa 2 alipata seti, na mwenye seti mbili ndiye mshindi.

Wachezapo wawili wawili, shida kubwa si adui aliye ng'ambo ya wavu. Shida ni nafasi iliyo kati yao wenyewe. Kinyoya kikija katikati, kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenzake atakipiga, nacho kikaanguka chini wote wawili wakitazamana. Ninyi wenye nyumba mwalijua jambo hili. Mume alidhani mke amefunga banda la kuku, mke alidhani mume amefunga, na asubuhi kicheche amekwisha kula. Kwa hiyo wachezaji wawili hukaa miaka wakijifunza kutembea pamoja bila kusemezana. Mmoja akienda mbele wavuni, mwenzake arudi nyuma. Wakishambuliwa, wasimame sambamba. Mmoja akichoka, mwenzake abebe mzigo wake bila kununa.

MTOTO WA MANADO

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na watu wake hupenda mpira wa vinyoya kama sisi tupendavyo mpira wa miguu. Michezo ya Olimpiki ilipoukubali mchezo huu rasmi, mwaka 1992 mjini Barcelona, Susi Susanti aliipatia Indonesia nishani ya dhahabu, ya kwanza kabisa katika historia ya nchi yake. Mwanamume, Alan Budikusuma, akaipatia nyingine katika mashindano yale yale. Baadaye wawili hao walioana. Tangu hapo kila mtoto wa Indonesia aliyeshika raketi alikuwa ameshika pia tamaa ya wakubwa wake.

Mwaka ule Greysia Polii alikuwa mtoto wa miaka 5 tu. Alizaliwa Jakarta tarehe 11 Agosti 1987, lakini asili ya jamaa yake ni Minahasa, karibu na mji wa Manado, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sulawesi, ambako ukivuka bahari kwenda kaskazini wafika Ufilipino. Alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na mama. Mama aliona mapema kwamba mtoto huyu ana mkono wa mchezo. Basi akarudi naye Jakarta ili apate walimu. Greysia akaingia katika chama cha mchezo kiitwacho Jaya Raya, na mwaka 2003 akachukuliwa katika kambi ya taifa.

Katika kambi hiyo walimweka katika mchezo wa wawili wawili. Yafaa mjue kwamba kwa wakati ule Indonesia ilisifiwa kwa wanaume wake wachezao wawili, lakini si kwa wanawake. Wanawake wa China ndio waliotawala. Greysia akacheza na mwenzi huyu na yule, akashinda hapa na kushindwa pale, na hata mwaka 2012 akafika Olimpiki ya London pamoja na Meiliana Jauhari. Alikuwa na miaka 24. Hapo ndipo aibu ilipomkuta.

SIKU YA AIBU

Nitalieleza jambo hili polepole, kwa sababu bila kulielewa hamtaona uzito wake.

Jozi 16 za wanawake zilifika London. Ziligawanywa katika makundi manne, na katika kila kundi jozi mbili za juu ziliendelea mbele. Mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu mwanzo: wa kwanza wa kundi hili atakutana na wa pili wa kundi lile. Nanyi mwaona mtego ulipo. Mwenye akili ya kuhesabu aweza kuona kwamba akishinda leo, kesho atakutana na mtu mkali, bali akishindwa leo, kesho atakutana na mnyonge. Hata katika mashindano ya vijijini ya kugombea mbuzi, timu iliyokwisha kupita yaweza kujaribiwa vivyo hivyo.

Jumanne tarehe 31 Julai 2012, katika jumba la Wembley Arena, jaribu hilo likawashinda watu wanane. Jozi moja ya China ilikuwa imeshindwa na Wadenmark ikawa ya pili katika kundi lake. Kwa sababu hiyo jozi nyingine ya China, Wang Xiaoli na Yu Yang, iliyokuwa bora kuliko zote duniani, haikutaka kushinda mechi yake ya mwisho ya kundi, isije ikakutana na Wachina wenzake kabla ya fainali. Wakorea waliocheza nao, Jung Kyung-eun na Kim Ha-na, nao hawakutaka kushinda. Basi watazamaji waliolipa fedha zao waliona ajabu. Mabingwa walianzisha kinyoya wakakipiga wavuni. Wenzao wakakipiga nje ya mstari. Watu wakaanza kuzomea.

Wakorea ndio walioshinda, na Wang na Yu wakawa wa pili, kama walivyotaka. Kisha ikaja mechi ya kundi jingine: Wakorea wengine wawili, Ha Jung-eun na Kim Min-jung, dhidi ya Greysia na Meiliana. Jozi zote mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Na kwa sababu ya mambo yaliyotangulia, atakayeshinda mechi hii angewakuta Wang na Yu katika robo fainali. Yakawa yale yale. Mwamuzi mkuu aliingia kiwanjani akawaonyesha kadi nyeusi, kisha akaiondoa, mchezo ukaendelea bila heshima. Mwishowe Wakorea walishinda.

Kesho yake, tarehe 1 Agosti, shirikisho la dunia la mchezo huu lilitoa hukumu: wachezaji wote wanane nje. Kosa lao liliandikwa kwamba hawakutumia juhudi zao zote kushinda, na kwamba waliuvunjia mchezo heshima. Indonesia ilikata rufani, kisha ikaiondoa yenyewe. Jozi nne zilizokuwa zimekwisha kutolewa ziliitwa tena kujaza nafasi, moja ya Urusi, moja ya Kanada, moja ya Australia, na moja kutoka bara letu hili, Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini. Wanawake hao wa Kirusi, waliokuwa wamekwisha kushindwa, walirudi kwao na nishani ya shaba. Greysia alirudi kwao mikono mitupu, na jina lake limeandikwa katika magazeti ya dunia pamoja na neno "kufukuzwa".

KOSA NI LA NANI?

Huenda msomaji mmoja atasema, "Kosa ni la waliopanga mashindano, maana ndio walioweka mtego." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Shirikisho lenyewe lilibadili utaratibu baadaye: baada ya makundi kwisha, jozi za pili hupigiwa kura upya, ili mtu asiweze kujichagulia adui kwa kushindwa. Mwingine atasema, "Wachina ndio walioanza." Hilo nalo ni kweli kwa siku ile. Wa tatu atasema kwamba wachezaji ni watu walio chini ya amri, nao hutii walimu wao.

Pamoja na hayo yote, mkono ulioshika raketi ulikuwa wa mchezaji. Mlinzi wa shamba aliyelala hawezi kusema kwamba kosa ni la nguruwe peke yake. Hesabu walizozifanya wale wanane zilikuwa hesabu sahihi kwa kalamu, lakini zilisahau jambo moja: watu waliokuja kutazama walikuja kuona wachezaji wakijitahidi, na bila juhudi hakuna mchezo, pana watu wanne tu wanaopunga raketi.

Na kuna jambo jingine. Katika hesabu ile ya London, wote walikuwa wakimkwepa mtu mkali. Shikeni neno hilo mioyoni mwenu, kwa sababu tutakapofika Tokyo mtaona Greysia akikutana na wakali wote, mmoja baada ya mwingine, bila kukwepa hata mmoja.

KUANZA UPYA

Baada ya London Greysia alitaka kuuacha mchezo. Ni nani asingetaka? Lakini alirudi kambini, akaunganishwa tena na mwenzi wake wa zamani, Nitya Krishinda Maheswari. Mwalimu wao alikuwa Eng Hian, ambaye mwenyewe alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, akicheza na Flandy Limpele. Eng Hian ni mtu wa mazoezi magumu na maneno machache.

Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia iliyofanywa Incheon, Korea Kusini, Greysia na Nitya walifika fainali wakawashinda Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi kwa 21–15 na 21–9. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya wanawake wawili wa Indonesia katika michezo hiyo tangu mwaka 1978. Miaka 36 ilikuwa imepita! Mwaka 2015 wakapata shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia, nayo yalifanywa kwao Jakarta. Watu wakaanza kusema kwamba Rio de Janeiro, mwaka 2016, ndiyo itakuwa mahali pa kufuta machozi ya London.

Haikuwa. Katika robo fainali walishindwa na Wachina Tang Yuanting na Yu Yang. Huyu Yu Yang alikuwa mmoja wa wale wanane waliofukuzwa pamoja mwaka 2012. Na Wajapani wale wale waliopigwa Incheon ndio waliotwaa dhahabu ya Rio. Kisha Nitya aliumia goti, na baada ya kupasuliwa hakuweza kurudi upesi. Greysia akabaki peke yake, katika mchezo usiochezwa peke yake. Alikuwa na miaka 29. Mara ya pili akafikiri kuondoka.

Hapa ndipo pana kiini cha habari yote, ndugu msomaji. Mwalimu Eng Hian hakumwambia kwamba atapata dhahabu. Alimwomba akae kidogo tu, awasaidie vijana wanaokuja. Alimwomba awe dada. Greysia akakubali kukaa kwa ajili ya wengine, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayepata faida kubwa kupita wote.

RAKETI YA UBAO

Mmoja wa vijana hao alikuwa Apriyani Rahayu, yule wa ng'ombe watano. Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1998 katika kijiji cha Lawulo, wilaya ya Konawe, upande wa kusini-mashariki wa Sulawesi. Raketi yake ya kwanza haikununuliwa dukani. Baba yake aliichonga kwa ubao. Binti akajifunza kupiga kwa ubao huo, nyumbani, mpaka wakubwa wakaona kwamba mtoto huyu si wa kuachwa kijijini. Angali msichana mdogo alipelekwa Jakarta, safari ya kuvuka bahari, kulelewa katika chama cha Icuk Sugiarto, bingwa wa dunia wa mwaka 1983. Mwaka 2015, alipokuwa mbali huko Peru katika mashindano ya vijana ya dunia, alipata habari kwamba mama yake amefariki.

Mwaka 2017 Eng Hian aliwaunganisha. Mmoja alikuwa Mkristo, mwenzake Mwislamu. Mmoja alikuwa amekwisha kuona London na Rio, mwenzake alikuwa na miaka 19 tu na haraka ya ujana. Mkulima alimaye kwa maksai hujua faida ya kumfunga maksai mzee nira moja na maksai kijana. Yule mzee hujua mfereji, yule kijana ana nguvu. Lakini kama mzee atamdharau kijana, au kijana ataukimbiza mfereji, jembe litakwenda upogo na wote wawili wataumia shingo.

Hawa hawakwenda upogo. Mwezi wa Juni mwaka ule ule walishinda mashindano ya Thailand, na mwezi wa Oktoba wakashinda ya Ufaransa. Wakapata shaba ya ubingwa wa dunia mwaka 2018 na tena mwaka 2019. Mwishoni mwa mwaka 2019 walikwenda Ufilipino, jirani wa kaskazini, katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki, wakarudi na dhahabu. Ilionekana kwamba Olimpiki ya mwaka 2020 itawakuta katika nguvu zao zote. Ndipo ugonjwa wa korona ulipoifunga dunia, na Olimpiki ikasogezwa mbele mwaka mzima. Kwa kijana mwaka mmoja ni kidogo. Kwa mchezaji aliyepita miaka 32, kila asubuhi magoti humwambia hesabu yake.

Desemba 2020 Greysia alifunga ndoa, na mwezi huo huo akafiwa na kaka yake, aliyekuwa kwake kama baba. Furaha na msiba vilikaa katika nyumba moja. Hata hivyo Januari 2021 alikwenda Bangkok na Apriyani, wakashinda mashindano ya Thailand.

TOKYO

Olimpiki ilifanywa mwezi wa Julai na Agosti 2021, majumba yakiwa matupu bila watazamaji kwa hofu ya ugonjwa. Greysia na Apriyani hawakuwa miongoni mwa jozi nne zilizotajwa mbele kuwa ndizo bora. Katika kundi lao walikuwamo Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, Wajapani walioongoza dunia nzima wakati huo, nao walikuwa nyumbani kwao.

Sasa tazameni. Jozi hizi mbili zilipokutana katika mechi ya mwisho ya kundi, zote zilikuwa zimekwisha kushinda mechi zao za kwanza, kama ilivyokuwa London. Lakini safari hii hapakuwa na kinyoya kilichopigwa wavuni kwa makusudi. Seti ya kwanza ilivutwa hata ikafika 24–22 kwa Waindonesia. Ya pili Wajapani walishinda 21–13. Ya tatu Greysia na Apriyani waliwaacha Wajapani kwa 21–8. Robo fainali wakawakuta Wachina Du Yue na Li Yinhui, wakawashinda kwa seti tatu. Nusu fainali wakawakuta Wakorea Lee So-hee na Shin Seung-chan, wakawashinda kwa 21–19 na 21–17. Japani, China, Korea: mataifa matatu makubwa ya mchezo huu yalipangwa njiani mwao kama mageti ya ushuru, nao wakalipa kila geti kwa jasho.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2021 ikawa fainali, dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Seti ya kwanza ilikwisha 21–19. Katika seti ya pili likatokea jambo ambalo watu walilitazama tena na tena. Kinyoya kikiwa kingali hewani, uzi wa raketi ya Greysia ulikatika. Raketi iliyokatika uzi ni kama ndoo iliyotoboka. Hakusimama kulalamika. Alikimbia ukingoni mwa kiwanja, akachomoa raketi nyingine mfukoni, akarudi mbio. Na muda huo wote Apriyani alibaki peke yake ndani ya meta 6 za upana, akirudisha kila kinyoya walichomletea watu wawili. Greysia alipoingia tena, kinyoya kilikuwa bado hakijaanguka. Pointi hiyo wakaipata wao.

Kama utaniuliza mchezo wa wawili wawili ni nini, nitakujibu kwa pointi ile moja. Miaka minne mkubwa alikuwa amemshikilia mdogo. Siku ile, kwa muda wa kupumua mara tatu au nne, mdogo alimshikilia mkubwa.

Seti ya pili ilikwisha 21–15. Greysia akalia, Apriyani akalia, na mwalimu Eng Hian pamoja nao. Greysia alikuwa na miaka 33, zimebaki siku 9 atimize 34. Indonesia ilikuwa imekwisha kupata dhahabu ya mwanamume peke yake, ya mwanamke peke yake, ya wanaume wawili, na ya mwanamume na mwanamke. Ya wanawake wawili ndiyo iliyokuwa imekosekana tangu mwaka 1992. Siku hiyo ikapatikana, na Indonesia ikawa nchi ya pili, baada ya China, kuwa na dhahabu za namna zote tano za mchezo huu.

BAADA YA DHAHABU

Greysia aliaga mchezo tarehe 12 Juni 2022, katika jumba la Istora mjini Jakarta, mbele ya watu wake mwenyewe. Na jambo moja zaidi nalitaja kwa furaha. Wachezaji wenzake wa mataifa yote walimchagua katika kamati ya wachezaji ya shirikisho la dunia, naye akawa mwenyekiti wake. Shirikisho hilo ndilo lililomfukuza London. Mtu yule yule aliyetolewa nje kwa kuuvunjia mchezo heshima alikabidhiwa kazi ya kuwasemea wachezaji wote.

Hukumu ya mwaka 2012 haikufutwa. Imeandikwa, itabaki imeandikwa, nayo ilikuwa haki. Lakini wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, nami naongeza kwamba aliyejikwaa haendi mbele kwa kusimulia jiwe lililomkwaa. Greysia alikwenda mbele kwa kurudi uwanjani kila asubuhi kwa miaka 9.

Je, katika kijiji chenu hakuna mtu wa namna hii? Yuko kijana aliyefukuzwa shule kwa kosa alilolitenda kweli, na sasa hupita njia ya nyuma asikutane na walimu wake. Yuko mweka hazina wa chama aliyepoteza fedha, akazilipa zote, na bado watu humnong'onea. Msimwambie kwamba hakukosa, maana mtakuwa mnamdanganya. Mpeni kazi, na tena mpeni mdogo wa kumfundisha kazi hiyo. Mtu aliyeaibika aliye peke yake hutazama aibu yake mchana na usiku. Akiwa na mdogo wa kumwangalia, macho yake hupata mahali pengine pa kutazama.

Na ninyi vijana, mkifungwa nira moja na mtu mzima ambaye nyayo zake zimekwisha kuchoka, msimharakishe kwa dharau. Itafika siku uzi wa raketi yake utakatika, naye atahitaji mtu wa kubaki kiwanjani.

Apriyani alilijua hilo. Kabla mwenzi wake hajaaga rasmi, aliunganishwa na msichana mdogo kuliko yeye, Siti Fadia Silva Ramadhanti. Mwezi wa Mei 2022 wakatwaa dhahabu ya Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki huko Vietnam, na mwezi wa Julai wakashinda mashindano ya Malaysia. Yule mtoto wa raketi ya ubao alikuwa sasa ndiye dada, na kazi aliyofanyiwa na Greysia akaanza kumfanyia mwingine.